Turbo, supachaja au bila chochote: kuchagua injini ya Miller na Atkinson kwa gari la Mombasa

Chukua Toyota C-HR mbili za mwaka mmoja, zimesimama ubavu kwa ubavu kwenye yadi ya Nyali. Bodi moja, taa zile zile, viti vile vile. Moja ni haibridi ya 1.8, nyingine ni turbo ya 1.2. Muuzaji atakwambia ya kwanza "haili mafuta" na ya pili "ina nguvu", na hajasema uongo. Asichokwambia ni kwamba injini zote mbili zimetengenezwa ziweze kuchelewa kufunga vali za hewa kwa makusudi, na kwamba tofauti kubwa kati yao ni nani anayelipia hewa iliyopotea: mota ya umeme au turbo. Ukishika hapo, unaweza kuzipima pia Note ya supachaja, Golf ya 1.5 na Audi A4, kwa swali moja tu: gari litaishi wapi, kisiwani kwenye msongamano wa Makupa na Buxton, au njia ya Nairobi?

## Hewa inarudi ilikotoka

Injini ya kawaida, ile ya Otto, huvuta hewa pistoni ikishuka, ikafunga vali pistoni ikiwa imeanza tu kupanda, kisha ikabana karibu yote iliyoingia. Moto ukiwaka, gesi huisukuma pistoni chini kwa umbali ule ule. Shida ni kwamba pistoni ikifika chini gesi bado ina joto na presha, na vyote viwili vinatoka bure kwa eksozi. James Atkinson, Mwingereza, alilishughulikia hilo miaka ya 1880 kwa injini yenye viungo vya chuma vilivyoifanya pistoni isafiri kidogo ikibana na mbali zaidi ikisukumwa. Magari ya leo hayana viungo vile. Yanatumia ujanja wa vali.

Hesabu yake ni hii. Silinda ina cc 400 na kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ni 13. Pistoni ikiwa juu kabisa, nafasi inayobaki ni cc 33. Acha vali ya hewa wazi pistoni ikipanda, mpaka robo ya hewa, cc 100, irudi kwenye manifoldi, bomba inakotoka. Sasa kinachobanwa ni cc 333 kuingia kwenye cc 33, yaani mara 10. Lakini moto ukiwaka gesi inatanuka safari yote, mara 13. Umebana kwa 10, umevuna kwa 13. Injini haigongi ovyo, yaani petroli hailipuki yenyewe kabla ya wakati, ingawa karatasi inasema 13, na eksozi inatoka na joto pungufu.

Gharama yake ni nguvu. Robo ya hewa haikuchomwa, kwa hiyo robo ya torki nayo imeondoka, na injini ya 1.8 inavuta kama ya 1.4. Ralph Miller, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1957, alifunga kompresa ya kurudisha hewa iliyokosekana. Siku hizi watu wengi huita Atkinson pale vali inapochelewa bila kompresa, na Miller pale inapochelewa au inapowahi kufungwa huku turbo, inayozungushwa na eksozi, au supachaja, inayozungushwa na belti ya injini, ikisukuma. Watengenezaji wenyewe hawaheshimu mpaka huo: Toyota huita Atkinson hata kwenye injini yake ya turbo. Usikwame kwenye majina.

Kuwahi ndiyo njia ya pili. Badala ya kuvuta hewa yote kisha kurudisha sehemu, vali inafungwa pistoni ikiwa bado inashuka. Hewa iliyo ndani inatanuka na kupoa kabla haijaanza kubanwa. Audi ilifanya hivyo kwenye injini yake ya turbo, 2.0 TFSI ya 190 PS (nguvu za farasi), iliyoingia kwenye A4 mwaka 2015: vali za hewa hukaa wazi nyuzi 140 za krankshafti, wakati injini ya kawaida huziacha nyuzi 190 hadi 200. Dawa hii ina ugumu wake. Hewa iliyoingia haraka na kutulia haizunguki vizuri ndani ya silinda, na petroli haichanganyiki sawasawa, ndiyo maana umbo la njia ya hewa na la kichwa cha pistoni lilibidi libadilishwe. Baadhi ya injini za dizeli za meli zinazotia nanga Kilindini zimekuwa zikitumia vali ya kuwahi na turbo ya presha kubwa kwa sababu nyingine kabisa: moto ukiwa baridi kidogo, gesi chafu za naitrojeni hupungua, na sheria za kimataifa za baharini zinazitaka zipungue.

## Presha ya kulipa deni, na joto la pwani

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawapigi hesabu. Tuseme nje ni nyuzi 32, siku ya kawaida ya kaskazi. Injini imepoteza robo ya hewa na tunataka irudi pale ilipokuwa, bila nguvu ya ziada hata kidogo. Kompresa lazima ilete presha ya takriban bar 0.4 juu ya ile ya nje. Hewa ikibanwa hivyo inapanda hadi karibu nyuzi 80, kisha intakula, kipozi cha hewa iliyobanwa, inaishusha hadi karibu 50. Hapo tu ndipo uzito wa hewa unaoingia unalingana na wa injini ya kawaida isiyo na turbo.

Sasa taka nguvu ya turbo ya kweli, hewa mara moja na nusu. Injini ya Otto inahitaji bar 0.6, na hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 100 hivi. Injini ya Miller inahitaji bar 1.1 kwa kazi hiyo hiyo, na hewa inatoka ikiwa na nyuzi 140 na zaidi. Faida yote ya Miller imejengwa juu ya kitu kimoja: ule ubanaji uliouondoa ndani ya silinda umeuhamishia nje, mahali unapoweza kuupoza. Intakula isipopoza, umehamisha tu joto kutoka chumba hiki hadi kile. Hewa ikiingia na nyuzi 70 badala ya 50, umepoteza asilimia 6 ya uzito wake, na injini iliyojengwa kwa kompresheni 12.5 inaanza kugonga kabla ya ile ya 10.

Mombasa ina njia zake za kuharibu upoaji huo. Kondensa ya AC imekaa mbele, na AC hapa haizimwi. Hewa inayofika kwenye rejeta za nyuma yake tayari imechemshwa. Chumvi ya bahari inakula mapezi ya alumini mpaka ukiyagusa yanamong'onyoka kama majivu, na vumbi la malori la Jomvu na Miritini linaziba kilichobaki. Unyevu nao unachukua nafasi: kwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, karibu asilimia 3.5 ya kile injini inachovuta ni mvuke wa maji, hauchomi kitu. Angalau mvuke huo unapoza moto kidogo na kupunguza kugonga.

Upande wa faida, tuko usawa wa bahari. Injini isiyo na kompresa inapata presha yote ya hewa hapa, na inapoteza karibu asilimia 17 ikifika Nairobi. Turbo inalipia hilo kwa kuzunguka kasi zaidi. Supachaja haiwezi, kwa sababu imefungwa kwa belti na krankshafti. Inasukuma lita zile zile za hewa iliyo nyepesi. Kwa hiyo Note ya supachaja iliyokupendeza Bamburi itakuwa gari jingine ukifika Athi River.

## Zikiwekwa pamoja

| Injini | Gari | Ujazo | Kompresheni | Nguvu | Torki | Anayelipia hewa |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Toyota 2ZR-FXE | C-HR haibridi | cc 1,797 | 13 | 98 PS | 142 Nm | mota ya umeme |
| Nissan HR12DDR | Note E12 | cc 1,198 | 13 kwenye Micra ya Ulaya | 98 PS | 142 Nm | supachaja |
| Toyota 8NR-FTS | C-HR turbo | cc 1,196 | 10 | 116 PS | 185 Nm | turbo |
| VW 1.5 TSI evo, kW 96 | Golf | cc 1,498 | 12.5 | 130 PS | 200 Nm | turbo ya mabawa yanayogeuka |

Angalia mistari miwili ya kwanza. Nguvu ni ile ile, torki ni ile ile, mmoja kwa cc 1,797 bila kompresa na mwingine kwa cc 1,198 pamoja na supachaja. Ndiyo picha nzima ya mada hii kwenye tarakimu nne.

## Haibridi: Atkinson bila kompresa

Torki ya 142 Nm inapatikana kwenye 3,600 rpm (mizunguko kwa dakika), ambako dereva wa Mombasa hafiki mara nyingi. Mota inaziba pengo hilo: ina 163 Nm tangu gurudumu likiwa limesimama. Foleni ya feri ya Likoni, ambapo gari linasogea mita kumi na kusimama, injini inakuwa imezimwa muda mwingi. Kwenye kipimo cha Kijapani cha JC08, C-HR haibridi ilipewa km 30.2 kwa lita na turbo ya 4WD km 15.4. Usitegemee kuzipata tarakimu hizo barabarani, kipimo kile ni cha upole. Lakini uwiano wa karibu mbili kwa moja unaonyesha faida iko wapi, na mjini ndiko iliko.

Jambo jingine linalosahaulika: petroli hapa inanyunyiziwa kwenye njia ya hewa, inaosha vali kila wakati. Masizi ya vali, ugonjwa wa injini nyingine tatu kwenye jedwali zinazonyunyizia moja kwa moja ndani ya silinda, hayaisumbui.

Inayoisumbua ni njia ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya eksozi kuingia tena. Kipozi chake na vijitundu vya manifoldi huziba kwa masizi yenye mafuta. Vikiziba bila kulingana, silinda moja inachoma moto mkali kuliko nyingine, na kwenye Prius za kizazi cha tatu zenye injini ya jamii hii mwisho wake umekuwa mara nyingi gasketi ya hedi. Fungua, loweka na safisha kipozi na manifoldi ukikaribia km 100,000, usingoje injini itetemeke ikiwaka asubuhi. Oili ni 0W-20, lita 4.2 pamoja na filta. Na usisahau filta ya feni ya betri, ambayo kwa nyumba yenye mchanga wa Nyali na paka wanaolala kwenye viti inajaa upesi.

Njia ya Nairobi ndipo inapochoka. Betri ni ndogo. Mlima mrefu ukiwa na abiria watano na mizigo, inaisha, na unabaki na 98 PS zinazopungua kadiri unavyopanda. Injini inapiga kelele, gari linapanda polepole. Halijaharibika, ndivyo lilivyo.

## Note ya supachaja

Hii ndiyo ninayoiona inanunuliwa kwa jina. Watu husikia supachaja wakadhani ni ya mbio. Nissan iliipeleka Ulaya mwaka 2011 kwenye Micra DIG-S na Japani mwaka 2012 kwenye Note, na lengo lilikuwa kubana matumizi: injini ya silinda tatu inayofanya Miller muda mwingi, huku supachaja ikiwa imetenganishwa kwa klachi ya sumaku. Ukikanyaga, klachi inashika na hewa inakuja. Ukiachia, inaachia. Kwa hiyo mjini kwa mguu mwepesi unaendesha 1.2 dhaifu kuliko 1.2 ya kawaida, na kila ukitaka kuupita tuktuk klachi inashika. Supachaja ikifanya kazi inakula nguvu ya krankshafti moja kwa moja, jambo ambalo turbo hailifanyi kwa kiasi hicho.

Wazo si jipya. Mazda iliuza V6 ya lita 2.3 ya Miller yenye kompresa ya skrubu ya Lysholm kwenye Eunos 800 tangu 1993, kompresheni 10 kwa jina na karibu 8 kwa kweli. Ilikuwa injini nzuri sana, na spea zake sasa ni hadithi. Ndilo funzo kwa mnunuzi wa HR12DDR: injini adimu inakuwa adimu zaidi mwaka hadi mwaka. Spea za HR12DE, ile ya kawaida, utazipata Barabara ya Jomo Kenyatta kabla ya adhuhuri. Klachi ya supachaja utaagiza Japani.

Vitu vinavyokufa hapa ni vinne: beringi za mbele za supachaja, koili ya klachi, belti, na oili ya gia za supachaja ambayo ni tofauti kabisa na oili ya injini na ambayo mafundi wengi hawajui kama ipo. Beringi ikianza kuisha inatoa sauti ya kusaga hata klachi ikiwa imeachia, kwa sababu puli inazunguka muda wote. Sauti nyembamba ya kuimba inayotokea tu ukikanyaga ni ya kawaida.

Onyo la kununua: chesisi zinazoanza na E12 ni za injini zote mbili. Soma msimbo wa injini kwenye kibao, HR12DE au HR12DDR. HE12 ni e-Power, haibridi ya Nissan, gari jingine.

## C-HR turbo

8NR-FTS ni muungwana wa kundi hili. Toyota iliitoa 2015 kwenye Auris, kisha C-HR mwishoni mwa 2016. Kompresheni ni 10 tu, kwa hiyo hata mambo yakiharibika ina nafasi ya kupumua. Kamshafti ya vali za hewa ina kifaa, VVT-iW, chenye pini inayokifunga katikati injini ikiwaka. Kutoka hapo kinaweza kwenda mbele kwa nguvu au kurudi nyuma sana kwa Atkinson. Mguu mwepesi, inachelewesha vali na kubana matumizi. Mguu mzito, inarudi kuwa turbo ya kawaida. Haijaribu kufanya Miller chini ya mzigo mkubwa, na ndiyo sababu haihitaji presha kubwa. Torki ya 185 Nm ipo tangu 1,500 hadi 4,000 rpm, na hiyo ndiyo safari nzima ya Mariakani hadi Voi bila kuiumiza.

Udhaifu wake ni oili. Kifaa cha kamshafti kinasukumwa kwa presha ya oili kupitia vali ndogo yenye kichujio kinachoziba kirahisi. Oili ikiwa tope, kifaa kinakwama. Kikikwama nyuma, gari linakosa nguvu na linawaka kwa shida, maana hewa inarudishwa hata pale inapohitajika. Kikikwama mbele, unywaji unapanda bila taa yoyote kuwaka siku za mwanzo. Toyota Japani inataka oili ya petroli turbo ibadilishwe kila km 5,000 au miezi 6. Hapa watu huisoma km 10,000 kwenye stika ya duka. Shika 5,000.

Oili yenyewe iwe na alama ya API SP. Sababu ipo: kwenye turbo ndogo zenye presha kubwa chini ya 2,000 rpm, tone la oili linaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya plagi, na mlipuko mmoja wa namna hiyo unatosha kuvunja pistoni. Viwango vya SN Plus na SP vilitungwa kwa ajili ya balaa hilo. Kwa mguu wako, usikanyage mpaka chini injini ikiwa inanguruma chini. Acha gia ishuke kwanza.

## Golf 1.5 na Audi A4

Hapa Miller imefanywa kwa ukamilifu. VW iliweka turbo yenye mabawa yanayogeuka, kitu ambacho kwa petroli kilikuwa cha Porsche 911 Turbo, na iliweza kwa sababu Miller yenyewe hupoza eksozi. VW ilitaja nyuzi 880 kuwa kikomo, wakati turbo ya petroli ya kawaida huchomwa kwa zaidi ya hapo. Eksozi baridi ina tatizo lake: haina nguvu ya kuzungusha turbo. Mabawa hujibana kwenye rpm ndogo ili kasi ya gesi ibaki. Ni mzunguko mmoja uliofungamana vizuri, na ni mtamu kuendesha ukiwa mzima.

Mtego ni kwamba 1.5 TSI ni mbili. Ya kW 96 ina kompresheni 12.5 na mabawa. Ya kW 110, 150 PS, ilipotoka ilikuwa na kompresheni 10.5 na turbo ya kawaida. Beji ya nyuma haitofautishi. Golf nyingi za kW 96 zinazofika hapa zimetoka Uingereza, kwa hiyo soma nguvu kwenye kitabu cha usajili cha kule kabla ya kutuma pesa. Audi A4 ya 190 PS inapatikana Japani, kompresheni karibu 11.7, torki 320 Nm tangu 1,450 rpm.

Mabawa ya Golf ya kW 96 hayapendi safari fupi. Gari la Tudor hadi Mwembe Tayari na kurudi, injini haijapata joto, masizi yanaganda na mabawa yanakwama. Yakikwama wazi, hakuna nguvu chini ya 2,500 rpm. Yakikwama yamefunga, presha inapita kiasi na kompyuta inakata. Masizi ya vali nayo yanauma zaidi hapa kuliko kwa Otto: vali inayofunguka kwa muda mfupi haina muda wa kupoteza. Zisafishe ukifika km 60,000 hadi 80,000. Toa manifoldi, zungusha krankshafti mpaka vali za silinda moja zifunge kabisa, mimina dawa ya kuyeyusha masizi iloweke dakika 30, sugua kwa brashi ya nailoni, fyonza kila tone kwa mashine, kisha nenda silinda nyingine. Fundi akifanya hivi vali ikiwa wazi, kipande cha masizi kinaingia ndani na kukwaruza silinda.

Petroli: angalia kibandiko cha kifuniko cha tangi. Japani, regula ni RON (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 89 na kuendelea, haioku, petroli ya oktani ya juu, ni 96 na kuendelea. Gari la haioku likinyweshwa chini ya hapo linarudisha nyuma taimingi ya plagi. Halitagonga kwa sikio, lakini ile faida ya Miller uliyolipia itakuwa imeliwa.

## Kubandika turbo kwenye haibridi

Swali la kama unaweza kubandika turbo kwenye haibridi halikomi, kwa hiyo jibu lake ni hili. Kwenye karatasi, Prius yenye vali za kuchelewa na bar 0.4 ya turbo ni Miller halali kabisa. Kinachokataa ni gia. Injini na mota ndogo, ile inayozalisha umeme, zimeunganishwa kwa gia za sayari, kwenye Prius ya kizazi cha tatu (ZVW30) meno 30 ya jua, gia ya katikati, na 78 ya pete inayoizunguka, kwa hiyo mota ndogo hubeba asilimia 28 ya torki ya injini. Kwa 142 Nm inazuia 39. Ipandishe injini hadi 190 na mota itatakiwa izuie 53, kitu ambacho kompyuta haikupangiwa. Injini inaruka rpm, taa nyekundu inawaka, gari linasimama. Okoa pesa.

## Nani achukue ipi, na aipime vipi

Dereva wa teksi ya programu na mtu ambaye maisha yake ni Mtwapa, Nyali na kisiwani: haibridi, bila kufikiri mara mbili. Anayepanda Nairobi kila mwezi na kubaki mjini siku nyingine: C-HR turbo. Kwa namba za chesisi, NGX50 ni ya 4WD, NGX10 ni ya 2WD. Kama hupiti matope, chukua NGX10. Anayekaa barabara kuu, ana pesa ya matengenezo na fundi mwenye skana inayosoma VW hadi ndani: Golf ya kW 96 au A4. Note ya supachaja nunua tu kama bei yake ni sawa na ya HR12DE. Ikizidi hata kidogo, ongeza pesa upate e-Power.

Ukienda kupima gari lolote la turbo au supachaja, fika injini ikiwa baridi; muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika amekunyima kipimo cha kwanza. Iwashe usikilize upande wa cheni kwa sekunde tano. Mkwaruzo wa sekunde moja hivi unavumilika, ukizidi ni kifaa cha kamshafti au cheni iliyolegea. Injini za VW za jamii ya EA211, kama ya Golf hii, zina belti ya taimingi, kwa hiyo hapo uliza ilikaguliwa lini.

Chomeka skana na uangalie joto la hewa inayoingia baada ya intakula. Washa AC, kaa kwenye msongamano dakika kumi, kisha tafuta barabara wazi, Dongo Kundu inafaa, na ushike km 60 kwa saa. Joto hilo lishuke mpaka nyuzi 15 hadi 20 juu ya la nje ndani ya dakika mbili. Likigoma kwenye 65 au 70, VW na 8NR-FTS zina intakula ya maji: tafuta pampu ndogo ya umeme iliyokufa, maji yaliyopungua, au rejeta ya mbele iliyoliwa na chumvi. Angalia pia kurudi nyuma kwa taimingi kutokana na kugonga. Silinda moja ikirudi zaidi ya zenzake, kuna masizi au plagi yenye pengo kubwa. Za turbo kwa kawaida huwekwa milimita 0.7 hadi 0.8.

Mwisho legeza hose inayotoka kwenye turbo na upitishe kidole ndani. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Oili ikidondoka kidoleni, rudisha hose, funga boneti na umwambie muuzaji bei ya turbo mpya aitoe kwenye bei ya gari.